Wastani Udanganyao: Somo Fupi la Mifumo Inayobadilika Kinasibu

Mwanafunzi hufundishwa mapema namna ya kutafuta wastani: jumlisha namba zote, kisha gawanya kwa idadi yake. Kanuni hiyo ni rahisi na matumizi yake ni mengi, kama vile alama za mtihani, vimo vya wanafunzi wa darasa au kiasi cha mvua ya mwezi. Lakini yako mambo ambayo wastani wa namna hiyo, hata ukikokotolewa bila kosa lolote, humpeleka mtu kwenye uamuzi wa hasara. Hayo ni mambo yanayokua au kupungua kwa kuzidishwa, huku kizidisho chenyewe kikibadilika kinasibu, yaani kwa namna isiyoweza kutabiriwa. Miongoni mwake ni mtaji wa mfanyabiashara, idadi ya mbu na uenezi wa maradhi.

Tawi la hisabati linaloshughulika na mambo hayo huitwa nadharia ya mifumo inayobadilika kinasibu. Makala hii inaeleza misingi yake kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari aweza kuzifanya kwa kalamu na majedwali ya logi. Mifano imetolewa Tandale, kata iliyomo katika Manispaa ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam. Baada ya misingi hiyo zitaelezwa kazi za wanahisabati wawili, mmoja wa Sudani na mmoja wa Tanzania, ili msomaji aone njia inayotoka darasani hadi kwenye utafiti.

Wafanyabiashara 16 wa nafaka

Soko la Tandale linajulikana kwa nafaka. Magunia ya mahindi, mchele na maharage hushushwa hapo kutoka mikoani, na madalali huyauza kwa jumla. Biashara hiyo ina bahati yake. Bei yaweza kupanda shehena ingali njiani, na yaweza kushuka. Magunia yaweza kulowa, na barabara yaweza kukatika.

Chukua mfano ufuatao, ambao namba zake ni za kufundishia tu. Mfanyabiashara anatia mtaji wake wote katika kila safari. Safari ikiwa njema, mtaji huzidishwa kwa 1.8. Safari ikiwa mbaya, mtaji huzidishwa kwa 0.5, yaani nusu yake hupotea. Uwezekano wa safari njema ni sawa na uwezekano wa safari mbaya, kama kurusha sarafu, na safari moja haiathiri nyingine. Je, biashara hiyo yafaa?

Atumiaye wastani wa kawaida atajibu upesi: jumla ya 1.8 na 0.5 ni 2.3, na nusu yake ni 1.15. Basi kila safari, kwa wastani, inaongeza mtaji kwa asilimia 15. Baada ya safari 20 mtaji wa shilingi milioni 1 utakuwa, kwa wastani, zaidi ya shilingi milioni 16. Ni nani atakayekataa biashara ya namna hiyo?

Kabla ya kukubali, hapana budi kutazama kwa makini safari 4 za mwanzo. Kila safari ina matokeo 2, kwa hiyo safari 4 zina njia 2 x 2 x 2 x 2, yaani 16. Wapewe wafanyabiashara 16 shilingi milioni 1 kila mmoja, na kila mmoja apewe njia yake. Hali zao mwishoni zitakuwa hivi:

Safari njema 4: mtu 1, mwenye Sh. 10,497,600.
Safari njema 3: watu 4, kila mmoja Sh. 2,916,000.
Safari njema 2: watu 6, kila mmoja Sh. 810,000.
Safari njema 1: watu 4, kila mmoja Sh. 225,000.
Bila safari njema: mtu 1, mwenye Sh. 62,500.

Jumla ya fedha zao wote ni Sh. 27,984,100. Ikigawanywa kwa 16, kila mmoja angepata Sh. 1,749,006 na senti kadhaa, na hiyo ndiyo milioni 1 iliyozidishwa kwa 1.15 mara 4. Basi wastani haukukosewa. Lakini tazama watu wenyewe. Kati ya 16, watu 11 wamebaki na mtaji pungufu ya ule walioanza nao. Watano tu wamepata faida, na mmoja kati yao anashika zaidi ya theluthi ya fedha zote. Wastani ni wa kweli kwa kundi zima, nao ni wa uongo kwa mtu aliye wengi.

Safari zikiongezeka, hali huzidi kuwa hivyo. Baada ya safari 20, mtu aliyepata safari njema 10 na mbaya 10, yaani mtu wa katikati kabisa, atakuwa na Sh. 348,678. Mamilioni 16 ya wastani yanabebwa na wachache sana waliofuatana na bahati. Yule wa mwisho, mwenye safari njema zote 20, mtaji wake huzidishwa mara zaidi ya 127,000, lakini uwezekano wa kuwa yeye ni 1 kati ya 1,048,576.

Logi hutoa jibu

Kosa liko wapi? Liko katika kutumia kujumlisha mahali penye kuzidisha. Safari moja njema na moja mbaya, kwa utaratibu wowote, humpa mtu 1.8 x 0.5, yaani 0.9. Kila jozi ya namna hiyo inamega sehemu moja ya kumi ya mtaji. Kwa safari moja, kizidisho halisi ni kipeuo cha pili cha 0.9, ambacho ni 0.949. Ni pungufu ya 1, kwa hiyo mtaji unakwisha.

Logi huonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi, kwa sababu hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Logi ya 1.8 ni 0.2553, na ya 0.5 ni hasi 0.3010. Jumla yake ni hasi 0.0457, na wastani ni hasi 0.0229 kwa safari. Mtaji ukifuatwa kwa muda mrefu, logi yake ni jumla ya namba nyingi za nasibu. Na kuhusu jumla za namna hiyo iko kanuni ya zamani, sheria ya namba kubwa, ambayo Jakob Bernoulli alithibitisha umbo lake la kwanza katika kitabu kilichotolewa mwaka 1713. Kwa sheria hiyo, wastani wa logi za safari nyingi hukaribia hasi 0.0229 karibu kwa kila mtu, wala si kwa kundi tu. Hapo ndipo penye hukumu. Wastani wa logi ukiwa chanya, mfumo hukua. Ukiwa hasi, hufifia.

Wastani huo wa logi ndio mfano mwepesi kabisa wa kile kiitwacho kipeo cha Lyapunov. Aleksandr Lyapunov alikuwa mwanahisabati wa Urusi, aliyetoa mwaka 1892 tasnifu mashuhuri juu ya uthabiti wa mwendo. Yeye hakushughulika na bahati. Alitaka kujua kama mwendo uliosukumwa kidogo hurudi katika njia yake au hutoroka. Alama ya chanya na hasi ilitoka kwake.

Maarifa haya yana faida ya papo hapo. Mfanyabiashara mwingine, mwenye soko lile lile na bahati ile ile, anatia nusu tu ya mtaji katika kila safari na kuiweka nusu nyingine. Kila safari inapokwisha hujumlisha fedha zake na kuzigawa upya. Safari njema sasa humpa 0.5 + 0.9, yaani 1.4. Safari mbaya humpa 0.5 + 0.25, yaani 0.75. Wastani wake wa kawaida ni 1.075, mdogo kuliko 1.15 ya mwenzake. Lakini 1.4 x 0.75 ni 1.05, zaidi ya 1. Wastani wa logi zake ni chanya 0.0106. Baada ya safari njema 10 na mbaya 10, milioni yake imekuwa Sh. 1,628,895, wakati ambapo milioni ya mwenzake haikufika nusu. Bahati haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kanuni ya kuipokea.

Watu wa soko huonya kwamba mtu asitie mayai yote kapu moja. Hisabati haiongezi hekima hiyo. Inaipa kipimo, ikionyesha ni mayai mangapi na kwa nini.

Kutoka namba moja hadi namba nyingi

Katika maisha, jambo linalobadilika si namba moja tu. Mwenye duka ana fedha, bidhaa na madeni, na kila kimoja huathiri vingine. Kizidisho basi si namba, bali ni matriki, yaani jedwali la namba. Matriki mbili zikizidishwa, utaratibu wake hauwezi kubadilishwa ovyo, na logi ya darasani haitoshi tena.

Mwaka 1960 Harry Furstenberg na Harry Kesten walithibitisha kwamba hata mazao ya matriki za nasibu yana kasi ya kukua iliyo thabiti, kama ilivyo kwa namba. Mwaka 1968 Valery Oseledets wa Moscow alionyesha kuwa mfumo wa namna hiyo hauna kipeo kimoja bali kadhaa, kila kimoja na mwelekeo wake: upande huu mfumo hukua, upande ule hufifia. Ludwig Arnold na wenzake wa Bremen, Ujerumani, waliikusanya elimu hiyo, na mwaka 1998 Arnold akatoa kitabu kinachotumiwa na watafiti wa tawi hili mpaka leo.

Katika mpango wa Arnold, kila mfumo wa namna hii una sehemu mbili. Ya kwanza ni mazingira, kama vile mvua, bei au upepo, yanayokwenda kwa mwendo wake bila kujali mfumo. Ya pili ni kanuni inayosema: yakipewa mazingira haya, hali ya leo itageuka kuwa hali fulani kesho. Bahati yote imo katika sehemu ya kwanza. Ya pili haina bahati; ni hesabu tupu. Utenganishi huo waonekana mdogo, lakini una matokeo ya ajabu, kama mfano ufuatao utakavyoonyesha.

Mvua moja, madimbwi mawili

Mto Ng'ombe hupita Tandale ukielekea kuungana na Mto Msimbazi. Kandokando yake ardhi ni bondeni, na mvua za masika na vuli huacha madimbwi kati ya nyumba. Chukua madimbwi mawili yaliyo jirani. Kila siku nusu ya maji ya kila dimbwi hupotea kwa jua na kwa kunywewa na ardhi. Siku ya mvua kila dimbwi huongezewa lita 20. Dimbwi la kwanza lina lita 100, la pili lina lita 20. Siku 5 zifuatazo ni: kavu, mvua, kavu, mvua, mvua.

La kwanza litakuwa na lita 50, kisha 45, 22.5, 31.25, na mwisho 35.625. La pili litakuwa na lita 10, kisha 25, 12.5, 26.25, na mwisho 33.125. Tofauti yao ilikuwa lita 80. Sasa ni lita 2.5. Badili utaratibu wa siku za mvua upendavyo, tofauti itabaki ile ile, kwa sababu mvua huongeza pande zote mbili kwa usawa na kufutika katika kutoa. Tofauti hupungua nusu kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe.

Hivyo hakuna awezaye kutabiri dimbwi litakuwa na lita ngapi baada ya mwezi, lakini kila mtu aweza kusema kwa hakika kwamba madimbwi hayo mawili yatakuwa sawa. Hali ya mwanzo imesahauliwa. Historia ya mvua ndiyo iliyobaki. Wanahisabati husema kwamba mfumo una kivutio cha nasibu: hali moja, ijongeayo pamoja na mazingira, ambayo hali nyingine zote huikaribia. Sababu ni kwamba kipeo chake, logi ya nusu, ni hasi. Kama kipeo kingekuwa chanya, madimbwi mawili yaliyoanza na tofauti ya tone moja yangeachana kabisa.

Mbu wa kiangazi

Mwaka 1969 wanabiolojia Richard Lewontin na Dan Cohen walionyesha kwamba viumbe wanaoishi katika mazingira ya nasibu waweza kuwa na idadi ambayo wastani wake unakua bila kikomo, na hali uwezekano wa kutoweka kwao unakaribia hakika. Msomaji ataitambua hesabu hiyo mara moja, kwani ni ile ile ya wafanyabiashara 16.

Itumike kwa mbu. Tuseme kizazi kikipata maji mengi idadi huzidishwa kwa 3, na kikipata ukame huzidishwa kwa 0.3, kwa uwezekano sawa. Wastani wa kawaida ni 1.65, na mtu aweza kuogopa kwamba mbu watajaa. Lakini 3 x 0.3 ni 0.9, mbu hao wanafifia. Sasa mtaro mmoja unaziba takataka, nao unabaki na maji hata wakati wa ukame, hata kizidisho cha kizazi cha ukame kinapanda kutoka 0.3 hadi 0.4. Hilo ni badiliko dogo ambalo halionekani kwa macho. Lakini 3 x 0.4 ni 1.2, na wastani wa logi umevuka kutoka hasi kwenda chanya. Kizazi kilichokuwa kikifa sasa kinastawi.

Angalia pia upande wa pili. Kurudisha zao kwenye 0.9 kwa kushughulika na wakati wa mvua peke yake kungehitaji kushusha 3 hadi 2.25, yaani kuharibu robo ya mbu wote wa masika, pamoja na madimbwi yasiyohesabika. Kwa kushughulika na kiangazi inatosha kuzibua mtaro mmoja. Kwa kugawanya, kushusha 0.4 hadi 0.3 na kushusha 3 hadi 2.25 ni sawasawa, maana zote ni robo tatu. Lakini robo ya mazalio machache ya kiangazi hufikika kwa urahisi kuliko robo ya mazalio mengi ya masika.

Mfano huu ni mwepesi kuliko ukweli. Mbu wa kweli hubanwa na nafasi na chakula, na majira hayaendi kama sarafu. Hata hivyo mwelekeo wake wafaa kukumbukwa na wanaopanga kazi ya afya. Dar es Salaam ina uzoefu katika jambo hili. Mwaka 2004 jiji lilianzisha mpango wa kudhibiti malaria uliohusu kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke, na kuanzia Machi 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ilianza kutiwa katika mazalio ya kata 3 za Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Wakazi wenyewe waliajiriwa kutembea mtaa kwa mtaa kutafuta maji yaliyotuama.

Wanahisabati wawili

Huenda msomaji akadhani kwamba elimu hii ni ya Ulaya na Marekani tu. Sivyo. Salah-Eldin Mohammed, mwanahisabati wa Sudani, alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 1976, akafundisha Chuo Kikuu cha Khartoum, na baadaye Chuo Kikuu cha Southern Illinois huko Carbondale, Marekani. Suala lake la kwanza lilikuwa mifumo yenye kumbukumbu, ambayo mwendo wake wa leo hutegemea jana na juzi. Mbu ni mfano mzuri: idadi ya wanaoruka leo hutegemea mayai yaliyotagwa siku nyingi nyuma. Alitoa kitabu juu ya milinganyo ya namna hiyo mwaka 1978, na mwaka 1984 akatoa kingine kinachoingiza bahati ndani yake.

Mwaka 1999, pamoja na Michael Scheutzow wa Berlin, alithibitisha nadharia muhimu kuhusu milinganyo yenye nasibu. Maana yake yaweza kuelezwa hivi. Pale penye hali ya utulivu, ingawa utulivu huo wenyewe unayumbishwa na mazingira, ziko njia za kukaribia na njia za kutoroka. Anzia katika njia ya kukaribia, utarejea. Kengeuka kidogo, utachukuliwa mbali. Njia hizo zenyewe hujongea pamoja na bahati, lakini hazipotei. Kazi ya Oseledets ilikuwa imeonyesha mielekeo hiyo kwa mistari iliyonyoka. Kazi hii iliionyesha kwa mikunjo ya mfumo halisi.

Wa pili ni Mtanzania, Wilson Mahera Charles, aliyekuwa mhadhiri wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada ya udaktari aliipata mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, chini ya Arnold Heemink. Tasnifu yake ilihusu uchukuzi wa uchafu katika maji ya pwani kwa kutumia milinganyo yenye nasibu. Mtu wa Tandale aweza kulielewa suala lake bila shida: taka za Mto Ng'ombe huingia Msimbazi, na Msimbazi humwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Zikifika huko, huenda wapi, na huenea kwa kasi gani?

Njia iliyotumika ni kuufikiria uchafu kama maelfu ya chembe. Kila chembe huchukuliwa na mkondo, na juu ya mkondo husukumwa huku na huku kinasibu na misukosuko ya maji. Tarakilishi hufuata chembe hizo moja moja. Mahali zilipojazana ndipo penye uchafu mwingi. Katika mfano wa kawaida misukumo haina kumbukumbu: sukumo la sasa halijui lililopita. Misukumo ya namna hiyo huitwa kelele nyeupe. Chini yake upana wa doa la uchafu hukua kama kipeuo cha pili cha muda, kama Einstein alivyoonyesha mwaka 1905 kwa chembe zinazoelea katika maji.

Kwa muda mrefu mfano huo ni sahihi. Kwa muda mfupi una kasoro, ambayo mwanafunzi aweza kuiona kwa kujaribu namba. Chukua muda wa 0.01: kipeuo chake cha pili ni 0.1, yaani mara 10 zaidi. Kadiri muda unavyokuwa mdogo, ndivyo kipeuo kinavyouzidi, hata kasi ya uenezi mwanzoni inakuwa kubwa kupita kiasi. Maji hayafanyi hivyo. Chembe iliyosukumwa kulia huendelea kulia kitambo kabla ya kugeuka. Charles na wenzake walitumia misukumo yenye kumbukumbu fupi, iitwayo kelele zenye rangi. Kwa misukumo hiyo doa hukua polepole saa za mwanzo, na baadaye hufuata kanuni ya kipeuo. Tofauti hiyo ni muhimu pale mafuta yanapomwagika bandarini, kwani saa za mwanzo ndizo ambazo watu bado waweza kufanya jambo.

Ukizitazama kazi za watu hawa wawili utaona zinahitaji vyombo vinavyofanana. Zote zinasimama juu ya uchanganuzi, yaani kalikulasi iliyothibitishwa kwa makini, pamoja na nadharia ya uwezekano na aljebra ya matriki. Bahati huhitaji vyombo vya kuipokea. Tangu mwaka 2002 vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimekuwa na mpango wa pamoja wa kufundisha hisabati za juu, ulioanza kwa msaada wa Sweden, na baadhi ya safari hiyo sasa yaweza kufanywa hapa hapa. Lakini hatua ya kwanza ni ya sekondari: logi, mfuatano, uwezekano na mlinganyo wa kipeo cha pili. Mwanafunzi anayeuliza logi ni za nini, sasa kwa kuwa kikokotoo kinazidisha chenyewe, apewe jibu hili: kuzidisha si kazi yake kubwa. Kazi yake kubwa ni kuamua kama jambo lenye bahati litakua au litafifia.

Mazoezi

1. Safari njema huzidisha mtaji kwa 1.5 na mbaya kwa 0.6, kwa uwezekano sawa. Tafuta wastani wa kawaida, kisha wastani wa logi. Mtaji utakua? Rudia kwa mtu anayetia nusu tu ya mtaji.

2. Kila mwanafunzi wa darasa aanze na namba 1, arushe sarafu mara 10, akizidisha kwa 1.8 au 0.5. Pangeni majibu kuanzia dogo hadi kubwa. Linganisheni wastani wa darasa na jibu la katikati.

3. Madimbwi mawili yana tofauti ya lita 64. Kila siku robo ya maji hupotea, na mvua huongeza kiasi sawa kwa yote mawili. Baada ya siku ngapi tofauti itakuwa chini ya lita 1?

4. Katika mfano wa 1.8 na 0.5, mfanyabiashara anatia sehemu f ya mtaji wake. Onyesha kwamba zao la safari moja njema na moja mbaya ni 1 + 0.3f - 0.4f x f. Chora mchoro wake. Ni f ipi inayokuza mtaji kwa kasi kuliko zote, na ni f ipi inayouacha ulivyo?

Majibu: (1) Wastani wa kawaida ni 1.05, wastani wa logi ni hasi 0.0229, mtaji utapungua. Kwa nusu, 1.25 x 0.8 ni 1, mtaji hausogei. (2) Majibu ya kila darasa yatatofautiana. Lakini wenye safari njema 5 wote watapata 0.59. (3) Siku 15. (4) Kasi kubwa kabisa iko kwenye f = 0.375, mtaji hubaki ulivyo f ikiwa 0 au 0.75, na juu ya 0.75 kila ongezeko la tamaa ni ongezeko la hasara.